Njia ya Kwenda Nyuma ya Zahanati

Machi 3

Mvua ya kwanza imenikuta barabarani, na viatu vya kazi ni vilevile vya mwaka juzi. Gari la ofisi limepandishwa juu ya mawe tangu Desemba. Dereva hukaa ndani yake akisoma gazeti, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa. Mimi natembea. Nina watu kumi na wanane wa kuwafundisha kutembea, na miguu inayouma ni yangu.

Daftari hili lilikuwa la takwimu za robo mwaka, lakini siku hizi takwimu zinatumwa kwa simu. Nimelichukua nyumbani. Mume wangu, huyu mzee wangu, amechoka kunisikiliza. Jana aliniambia, "Mama, andika. Mimi leo nimejaa."

Basi naandika. Mimi ni mwalimu wa wasioona, Ofisi ya Ustawi, na wanafunzi wangu ni watu wazima waliopoteza macho ukubwani. Nawafuata majumbani. Nawafundisha fimbo nyeupe, kumimina chai bila kujiunguza, na nukta nundu kwa wale ambao vidole vyao bado vina hisia. Nina miaka ishirini na saba kazini. Imebaki minne nistaafu.

Machi 4

Mteja mpya. Mkunga mstaafu, miaka sitini na saba, presha ya macho. Jicho la kulia lilikwenda kwanza, la kushoto likafuata kabla ya mwaka mpya. Nimegonga mlango, sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa: "Nipo, ila ufunguo hauko kwangu. Zunguka dirishani."

Mlango umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Nimezunguka. Alikuwa amekaa karibu na nondo za dirisha, nywele zimesukwa vizuri, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu kutoka Ustawi."

"Marahaba mdogo wangu. Umelowa. Nakusikia unavyodondosha maji."

"Nani amekufungia?"

"Binti yangu. Yuko kiwandani, anashona. Atarudi saa kumi na moja."

Sikutaka kurudi bure. Nimepitisha fimbo kati ya nondo, tukaanza somo hapohapo, yeye ndani, mimi nje chini ya bati linalovuja. Jinsi ya kushika mpini, kidole cha shahada kikilala juu yake. Mguu wa kulia ukitangulia, ncha ya fimbo iwe kushoto. Mguu wa kushoto, ncha kulia. Ameelewa kwa mara moja. Nimemuuliza angependa kufika wapi kwanza. Kila mtu namuuliza hivyo. Wengi hujibu chooni.

"Zahanati," amesema. "Nimefanya kazi pale miaka thelathini na moja. Sitaki kufikishwa. Nataka kufika."

Machi 5

Nimemkuta binti jioni. Mwembamba, uzi mweupe umeng'ang'ania kwenye sweta lake. Nimemwambia mama mtu mzima hafungiwi kama mbuzi.

"Mwalimu," amenijibu bila kupandisha sauti, "wewe utakuja saa mbili kwa wiki. Mimi niko naye saa zote zilizobaki."

Mwishowe tumekubaliana: Jumanne na Ijumaa ataacha ufunguo kwa jirani. Kwenye faili nimeandika: binti ni kikwazo.

Machi 7

Mvua. Somo ndani ya nyumba. Meza, mlango, ndoo, mlango.

Machi 11

Mvua.

Machi 14

Leo tumetoka nje. Kutoka mlangoni kwake hadi lango la zahanati ni hatua mia nne na kumi, zangu. Zake ni nyingi zaidi, maana bado anazipunguza kwa woga. Unashika ukuta wa kinu cha kusaga, na unausikia kabla hujaugusa. Kwenye kona yuko fundi baiskeli. Pale pananuka solusheni ya kuzibia pancha. Kisha unafika mfereji mkubwa, wenye zege la kuvukia pana kama kitanda. Kisha lango.

Leo tumeishia kwa fundi baiskeli. Alimwamkia mkunga, kisha akaniuliza mimi, "Anaendeleaje?" Mkunga akamjibu, "Muulize mwenyewe, yuko hapa." Fundi akacheka kwa aibu. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikucheka, lakini nilifurahi.

Machi 19

Waraka umefika kutoka makao makuu. Kila mteja apimwe upya na daktari wa macho, athibitishwe kwamba bado haoni, la sivyo faili lifungwe. Mkuu wa kitengo ameusoma kwa sauti, akauweka mezani, akavua miwani.

"Bado haoni," amesema. "Kama vile wengine walikuwa wanajaribu tu."

Nina watu kumi na wanane, na daktari wa macho anakuja siku moja kwa mwezi.

Machi 21

Nimemweleza mkunga. Amefikiri kidogo. "Waambie nimeyatafuta macho nyumba nzima, sijayaona."

Machi 26

Siku nzima hospitali ya wilaya. Mkunga, binti yake aliyeomba ruhusa kazini, na mimi. Wasioona tumewakuta kama arobaini kwenye mabenchi. Kila mmoja amepewa kikaratasi chenye namba, na namba zinaandikwa kwa chaki ubaoni. Kwa chaki, ubaoni. Nimesimama mbele nikizisoma kwa sauti kuanzia saa tatu hadi saa nane, mpaka koo likakauka. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenizuia.

Binti alikuwa amelowa, akavua sweta. Mkono wake wa kulia, kutoka kiwiko hadi begani, ngozi imekunjamana na kung'aa. Aliona nimeuangalia.

"Mafuta," amesema. "Mwezi wa kumi na mbili. Mama aliinjika sufuria, akasahau. Niliporudi pazia linawaka, na yeye amesimama katikati ya chumba ananiita, hajui mlango uko upande gani. Sikujua pa kumshika."

Mama yake alikuwa amekaa pembeni, anasikia yote. Aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo nikanunua kufuli," binti akamaliza. "Najua ni vibaya. Nikifika kiwandani ndipo napumua."

Hakuna jiko ndani anapomfungia. Analibeba hadi kwa jirani kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sikuwahi kuuliza. Daktari ametumia dakika mbili: haoni, sahihi, muhuri. Ofisini nimefungua faili, nikafuta neno kikwazo. Wino ulikuwa umeshazama, limebaki doa.

Machi 28

Tumefika kwenye mfereji. Amesimama juu ya zege akisikiliza maji yanavyopita chini.

Aprili 1

Mvua tangu alfajiri. Mgongo.

Aprili 4

Wateja wanne, mitaa minne. Mzee wangu amenikanda miguu kwa maji ya chumvi. Amesema nistaafu mapema, tufuge kuku. Sikumjibu, nilikuwa nimeshasinzia kwenye kiti.

Aprili 8

Nataka niandike ilivyokuwa.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imepungua, na ningeweza kusema leo tubaki ndani. Mkunga alisema, "Twende tu, nitalowa nikiwa nimesimama kama watu wengine." Tukatoka. Alitembea vizuri. Kinu, kona, fundi baiskeli. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake, ndivyo tunavyofundisha: usimshike, mwachie nafasi, uwe karibu kiasi cha kumdaka.

Mfereji ulikuwa umefurika. Maji yamepanda usawa wa barabara, huoni zege linaanzia wapi wala linaishia wapi. Mimi nilijua liko kulia, kwa sababu ya nguzo. Yeye fimbo yake ilikuwa inagonga maji kila upande.

Simu yangu ikalia. Mkuu wa kitengo. Makao makuu wanataka idadi ya waliopimwa, sasa hivi, wako kwenye laini nyingine. Nikageuka, nikaupa upepo mgongo ili nisikie. Akaniuliza kama wote kumi na wanane wameshakwenda hospitali.

Na mkunga, mbele yangu, akauliza, "Mwalimu, hapa ni kushoto?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nilikuwa namjibu Mkuu.

Nilisikia maji. Nilipogeuka fimbo ilikuwa inaelea na yeye ameshazama hadi kifuani, ameshikilia ukingo kwa mkono mmoja. Fundi baiskeli alinipita mbio, akaingia. Tukamtoa pamoja. Hakupiga kelele. Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda pale ambapo mkono haupindi. Yeye mwenyewe aliupapasa kwa vidole vya mkono mwingine, taratibu, kama anayepima mgonjwa, akasema, "Kifundo. Umevunjika. Nitafutieni ubao na kitambaa." Akatuelekeza namna ya kuufunga.

Zahanati ilikuwa hatua hamsini mbele. Alifika akiwa amebebwa.

Binti alikuja saa saba. Nilimwambia nilikuwa kwenye simu.

"Nilikuachia ufunguo," alisema. Basi.

Aprili 9

Mkuu ameniita. Anahitaji ripoti ya ajali. Amefunga mlango, jambo ambalo halifanyi.

"Kitengo chetu kinaangaliwa," amesema. "Wanatafuta sababu ya kufuta mafunzo ya majumbani. Ukiandika mwalimu alikuwa kwenye simu, tumekwisha. Na wewe una miaka minne."

"Niandike nini?"

"Mteja alitoka bila mwalimu. Watu wanatoka. Hilo halishangazi mtu."

Nimechukua fomu ya ripoti, nikatoka.

Aprili 10

Nimeiandika. Mistari sita. Nimetia sahihi.

Aprili 11

Mvua.

Aprili 14

Sijala mchana. Mzee wangu ameuliza nina nini, nikasema tumbo.

Aprili 15

Faili la mkunga limefungwa rasmi: mteja hafuati maelekezo. Nakala ya ripoti imepelekwa nyumbani kwake. Sikujua kwamba wanapeleka nakala. Miaka ishirini na saba, sikujua.

Aprili 17

Jirani yake amekuja ofisini. "Mkunga anasema kuna karatasi imefika, uende ukamsomee."

Nilitamani kumwambia niko na kazi nyingi. Nilikuwa na kazi nyingi. Nikaenda.

Mlango ulikuwa wazi, jirani ameketi kizingitini anachambua maharage. Mkunga alikuwa kitandani, mkono kwenye plasta. Karatasi iko mezani, imekunjwa mara mbili.

"Nisomee," alisema.

Nikaishika. Nilifikiri naweza kusoma kitu kingine. Ningetunga, asingejua, karatasi ni karatasi. Nilifungua mdomo nikasoma yaliyoandikwa. Kwamba tarehe nane, mteja alitoka nyumbani peke yake bila idhini wala taarifa kwa mwalimu. Kwamba alionywa mara kadhaa. Nilisoma hadi jina la cheo changu chini.

Jirani alikuwa ameacha kuchambua. Mkunga akamwomba akamletee maji, naye akaondoka.

"Binti yangu alinisomea jana," mkunga alisema. "Nikamwambia labda amekosea kusoma."

Nikaanza kueleza. Mkuu, kitengo, miaka minne. Aliinua mkono mzima, nikanyamaza.

"Mdogo wangu, mimi si wa kukuhukumu. Sikiliza. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa zamu mbili mfululizo. Binti mmoja alikuja saa sita mchana, mimba yake ya kwanza. Nikampima, nikamwambia bado, tembeatembea. Nikakaa kwenye kiti nipumzishe mgongo. Nilipozinduka, mtoto alikuwa ameshachoka. Alizaliwa hapumui. Nilihangaika naye nusu saa. Kwenye kitabu cha zamu nikaandika: mama alichelewa kufika."

Alipapasa kingo za plasta.

"Anaishi nyumba ya pili nyuma ya zahanati. Miaka yote hii akinikuta ananiambia, 'Mkunga, ningewahi siku ile.' Na mimi namwambia, 'Usijilaumu.' Unaona? Namsamehe. Mimi ndiye ninayemsamehe."

Nikaikunja karatasi, nikairudisha mezani.

"Huko ndiko ninakotaka kufika," alisema. "Zahanati ni njiani tu. Nitakwendaje nikiwa nimeshikwa mkono na binti yangu? Nitasema nini mbele yake? Nilipokuwa naona nilijiambia kesho, kesho. Sasa hiyo kesho inataka fimbo."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mvua ilikuwa kubwa, na sikufungua mwavuli.

Aprili 21

Nimeandika ripoti nyingine. Kurasa mbili. Simu, saa, swali lake, jibu langu. Nimesema ile ya kwanza ni uongo na niliandika mimi.

Mkuu ameisoma akiwa amesimama. Nilijiandaa kumwona akiichana. Aliketi.

"Mama yangu alikufa haoni," amesema. "Kijijini, hakuna aliyemfundisha hata kufika kisimani. Ndiyo maana niliomba kitengo hiki." Akasugua macho. "Nilitaka kukiokoa. Nikasahau ninamwokolea nani."

Akachukua muhuri, akagonga. "Hii nitaipeleka mwenyewe. Ila ujue inakwenda na jina lako, na langu pia, kwa sababu nilikwambia uandike ile."

Nilimdhania mtu mwingine kabisa, siku zote hizi.

Aprili 22

Nimemweleza mzee wangu yote. Ameuliza kama kuku wa mayai ni bora kuliko wa nyama.

Aprili 29

Kimya kutoka makao makuu. Mvua.

Mei 2

Barua ya onyo, mbili: yangu na ya Mkuu. Mimi naondolewa kwenye kazi ya majumbani, nikae ofisini nipokee fomu. Faili la mkunga limefunguliwa tena. Analetwa mwalimu mpya kutoka wilaya jirani, Jumanne na Ijumaa. Mafunzo hayajafutwa. "Yataangaliwa mwakani," imeandikwa.

Nilidhani nitalia. Nilikaa tu.

Mei 6

Siku nzima kwenye kiti. Miguu haiumi. Ajabu, siipendi hali hii.

Mei 9

Mwalimu mpya ni mchapakazi. Anaongea sana. Amesema mkunga anatembea kama anakwenda kudai haki yake. Mkono mmoja kwenye plasta, mwingine kwenye fimbo. Wamevuka mfereji.

Mei 13

Fomu.

Mei 17

Jumamosi. Binti amekuja nyumbani kwetu, sijui alipajuaje. Amekataa kuketi.

"Bado nina hasira na wewe," amesema.

"Najua."

"Umeandika ukweli, nimeusoma. Hasira ipo palepale." Akavuta pumzi. "Mama anataka kufika mahali nyuma ya zahanati. Hataki niende naye, wala hataki kuniambia ni kwa nani. Mwalimu mpya anasema njia hiyo haiko kwenye mpango. Mama anakutaka wewe."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimelitupa kufuli," alisema. "Basi nisemeje tena."

Mei 20

Plasta imetolewa, mwalimu mpya ameniambia. Kifundo kimebaki na ugumu.

Mei 24

Jumamosi. Nimekwenda bila kitambulisho, kama mtu anayetembelea mtu. Mvua imekatika tangu Alhamisi, tope limeanza kushika. Kutoka lango la zahanati unafuata ukuta hadi unapoishia, unageuka kulia, unapita kamba za kuanikia mashuka ya wodini, kisha milango miwili. Tumekwenda na kurudi mara nne. Hapa fimbo pekee haitoshi: zile kamba ziko usawa wa uso, fimbo haizigusi. Nimemfundisha kuinua mkono wa kushoto mbele ya paji la uso. Ule uliovunjika. Aliuinua.

Kwenye mfereji nilisimama. Yeye hakusimama.

Mei 31

Manyunyu asubuhi. Mkunga amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi, na viatu vya kazi vya zamani. Binti yake alimfunga kilemba, akampa fimbo, akaingia ndani.

Nilimfuata hatua ishirini nyuma, kimya, upande wa pili wa barabara. Kinu kilikuwa kinanguruma. Fundi baiskeli alimwamkia yeye mwenyewe. Alivuka zege, akapita lango la zahanati bila kupunguza mwendo. Kwenye ukuta unapoishia alisita kama dakika nzima. Nilifikiri atarudi, na nisingemlaumu. Kisha akageuka kulia, akainua mkono, akapita kati ya mashuka.

Mlango wa pili. Akagonga.

Alifungua mwanamke wa makamo, mikono ina povu la sabuni. Alishangaa, akatazama nyuma ya mkunga kutafuta aliyemleta. Hakuona mtu. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Nilisimama chini ya upenu wa zahanati karibu saa nzima. Hakuna sauti iliyotoka. Hakuna kilio, hakuna kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

Alitoka peke yake. Mwanamke alibaki mlangoni, mikono imekauka, uso umebadilika sijui niseme umekuwaje. Hakumuaga. Alimtazama mpaka akafika kwenye kamba, ndipo akafunga.

Nilimsubiri langoni.

"Najua uko hapo," alisema mkunga. "Viatu vyako vinalia."

"Amesemaje, dada?"

Alitafuta leso, akajifuta uso. "Amenipa kiti. Akaniambia nirudie, tangu mwanzo, polepole. Nikarudia. Akaniuliza kama mtoto alilia hata kidogo. Nikasema hapana. Akaniuliza mtoto alifananaje, maana hawakumwonyesha. Nikamweleza. Namkumbuka vizuri. Hakusema amenisamehe."

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Amesema nirudi Jumatano mchana. Mume wake atakuwepo, naye ayasikie kwa mdomo wangu." Akaigeuza fimbo mkononi hadi kidole kikapata mahali pake. "Jumatano utakuwa kazini."

"Nitakuwa kazini."

"Basi nitakwenda mwenyewe," alisema, akatangulia kuelekea kwenye mfereji.